Vidonge vya Magoti vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Kwenye kikao cha asubuhi mganga mfawidhi wetu, Dokta Anyosisye, ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo madaktari wa mkoa mzima wa Songwe watakuja hapa Tunduma, hospitalini kwetu, kwa siku ya mafunzo ya magonjwa ya ndani. Mada mpya tu, mambo yaliyobadilika duniani sisi tukiwa tumelala. Sisi wenyeji tutatoa watoa mada wawili. Atakayefanya vizuri kuliko wote atapelekwa Arusha kwenye kongamano la kitaifa. Siku nne. Hoteli yenye bustani.

Watoa mada wetu: mimi, Dokta Lwitiko, niliyeitumikia wodi ya magonjwa ya ndani miaka kumi na tisa. Na Dokta Gwantwa, aliyefika miezi sita iliyopita na cheti cha ubingwa ambacho wino wake haujakauka.

Nimemuuliza kwa upole atazungumzia nini. Amesema: namna tunavyokosea kupima presha. Nimelazimika kukohoa ili nisicheke. Kupima presha! Mimi napima presha tangu yeye yuko darasa la tano.

Arusha ni yangu. Kilichobaki ni kupata ugonjwa. Uwe adimu. Ikiwezekana uwe na jina la Mjerumani.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka wodi nzima kutafuta ugonjwa adimu. Aibu tupu. Nimonia. Kisukari. Nimonia. Kifua kikuu. Mzee mmoja wa Kamsamba ana malaria ya kawaida kabisa, tena anapona. Watu wa mkoa huu hawana ubunifu.

Saa sita mchana matumaini yakaja kwa miguu yake. Dereva wa lori, Mzambia, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Nikamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani!", kwa furaha iliyomtisha. Nilishauona kichwani ule uvimbe kwenye tezi ya juu ya figo, kitu ambacho daktari hukutana nacho mara moja maishani. Nikaanza kumwandikia vipimo.

Sista Enesi, muuguzi kiongozi wa wodi, mwanamke asiye na heshima kwa sayansi, akamuuliza amekunywa nini kwenye foleni ya mpakani. Makopo tisa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Akapewa maji, akalala, akaamka mzima. Ameshukuru sana. Sikuitikia.

Alhamisi, 6 Machi

Gwantwa anaenda kasi. Leo amekaa kliniki ya presha na mkanda mpya mpana, ule wa watu wenye mikono minene. Anawakalisha wagonjwa dakika tano, miguu chini, kimya, ndipo anapima. Eti mkanda mwembamba kwenye mkono mnene unadanganya, unaonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Kati ya wagonjwa wangu tisa, wanne amekuta presha zao ni nzuri tu. Wanne! Mmoja nimempa dawa miaka mitatu. Alinifuata kunipongeza kwa kumponya. Nimepokea pongezi.

Anyosisye alikuwa mlangoni anatazama. Alitikisa kichwa kuafiki, kwa namna ninayoijua, namna ya mtu anayeiona Arusha ikienda kwa mwingine.

Saa tisa, wenzangu wakiwa kwenye chai, nimeuchukua ule mkanda mpana nikautia kwenye droo yangu na kufunga kwa ufunguo. Si wizi. Ni mali ya hospitali na bado uko hospitalini. Mtoa mada wa presha asiye na mkanda atafanya nini mbele ya watu? Ataimba?

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Ileje kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu Angel. Sijamwona, bila shaka. Kwa desturi ya upande wa mke wangu mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawagusani, hawaongei moja kwa moja. Miaka kumi na saba ya ndoa na uso wake siujui. Akiwa sebuleni, mimi napita mlango wa jikoni. Nikikohoa, yeye anajifunika kitenge. Tunapendana sana kwa mpango huu.

Ananipenda zaidi tangu Julai, nilipoanza kumpelekea vidonge vyangu vya magoti. Alikuwa hawezi kupanda kilima cha kanisani. Wiki mbili baadaye Roda, mke wangu, akapigiwa simu kwamba mama amecheza kwenye sherehe ya mavuno mpaka akavua viatu. Sasa Ileje nzima inajua mkwe wake ni daktari wa namna gani.

Leo ameniulizia, kupitia Roda, mzigo wake wa mwezi huu. Vidonge vimekwisha siku kumi zilizopita. Kweli, nilisahau kutuma. Nimejibu, kupitia Roda, kwamba asubiri kidogo, nina jambo la kitaifa kichwani. Roda anasema mama amenenepa, uso umejaa, lakini hana nguvu na hali chakula. Nimesema ni safari.

Jumapili, 9 Machi

Kipaimara kizuri. Angel alijibu maswali yote. Mama mkwe alitapika kwenye wimbo wa pili, akatolewa nje.

Nimemtibu nyumbani, mimi nikiwa koridoni, yeye chumbani. Malaria, nikasema. Roda akapima kwa kile kipimo cha haraka: hana. Basi vidonda vya tumbo, nikasema. Roda akauliza kwa sauti ya chini, ile mbaya, kama nimewahi kumgusa tumbo. Nikamkumbusha adabu. Akanikumbusha kwamba huyo ni mama yake.

Nimekaa uani nikatafakari. Mwanamke wa miaka sitini na mbili. Kutapika. Udhaifu. Uso kujaa. Anasimama, macho yanaingia giza. Hii si malaria. Hii si vidonda. Hiki ni kitu ambacho sikijui!

Moyo ukaruka. Ugonjwa adimu! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Kesho namlaza. Roda asijue kwamba mama yake ni mada.

Jumatatu, 10 Machi

Amelazwa. Nimemhudumia nikiwa nyuma ya pazia, nikiuliza kupitia Sista Enesi. Presha mia na kumi na mbili kwa sabini. Nzuri. Enesi akanung'unika kwamba mkono wa mama ni mnene, mkanda haumtoshi, na ule mpana hauonekani tangu Alhamisi. Nikasema labda Dokta Gwantwa anao, anaupenda sana. Enesi akanitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Maabara: chumvi ya damu iko chini, sukari nayo iko chini. Ajabu juu ya ajabu! Nimeorodhesha magonjwa kumi na moja. Matatu yana majina ya Wajerumani. Nimeagiza vipimo vinane, maabara yetu inaweza viwili. Gwantwa alipita akauliza kama anaweza kumwona mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni wa familia, tunaomba faragha.

Kichwa cha mada: Ugonjwa wa Ajabu Kutoka Milima ya Ileje. Slaidi za kwanza ziko tayari. Kwa adabu nimemwandika Mama T.

Jumanne, 11 Machi

Naandika yote kama yalivyotokea.

Saa nne asubuhi nilikuwa ofisini nachagua rangi za slaidi. Nikasikia Enesi akiita jina langu bila cheo. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi. Nikakimbia.

Mama mkwe alikuwa ameinuka kwenda msalani akaanguka. Amerudishwa kitandani, haitiki. Mimi nikafika kwenye pazia. Nikasimama. Naapa nilitaka kuingia. Miguu ilikataa. Mke wangu yuko ndani analia, mama yake anakwenda, na mimi daktari nimeshika kitambaa kama mtu anayesubiri bafu liwe wazi.

Gwantwa akanipita. Akasikia mapigo, akamfungia ule mkanda mwembamba, akauvua, akasema hauaminiki. "Mkanda mpana uko wapi?"

Enesi akanitazama. Roda akaona Enesi akinitazama.

Nikaenda kwenye droo yangu. Ni hatua ishirini na sita kwenda, ishirini na sita kurudi. Sijawahi kutembea safari ndefu kama hiyo. Ufunguo ulinishinda mara mbili.

Presha ya kweli: sabini na nne kwa arobaini. Mama alikuwa anazama tangu jana na sisi tunasoma namba za uongo.

"Anatumia dawa gani?" Gwantwa akauliza.

Roda akasema hakuna, ila zile za magoti anazopewa na Lwitiko. Akafungua mkoba wa mama yake, akatoa kipakiti cha nailoni. Juu yake mwandiko wangu: kimoja mara mbili. Ndani yake unga mweupe wa vidonge vilivyokwisha.

Gwantwa akanitazama mimi, si kipakiti. "Deksamethasoni?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Julai."

"Na ameacha?"

"Nilisahau kutuma."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu: "Sista, haidrokotisoni miligramu mia, mshipani, sasa hivi. Maji ya chumvi, lita, yaende mbio. Na glukosi." Huku mikono yake ikifanya kazi alimweleza Roda, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwili una tezi ndogo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya kutusaidia kusimama wakati wa shida. Ukimpa mtu homoni ya namna hiyo kwa vidonge kama hivi kwa miezi, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukikatisha ghafla, zinachelewa kuamka. Mwili unabaki bila kitu.

Hiki ndicho kitu nisichokijua. Nilikijua. Nilikifanyia mtihani nikapata alama nzuri.

Hakukuwa na mtu wa kushika chupa ya pili ya maji, stendi ilikuwa imeharibika. Gwantwa akasema, "Kaka Lwitiko, shika." Nikaingia. Nikashika chupa juu, uso nimeugeuzia ukutani. Nikasimama hivyo, mkono ukifa ganzi, nikisoma tangazo la kunawa mikono mara nyingi sana.

Baada ya kama nusu saa nikasikia sauti nyuma yangu, dhaifu, ikiuliza ni nani huyu mrefu. Nikageuka. Bila kukusudia! Miaka kumi na saba, na macho yetu yakakutana. Ana macho ya Roda. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu wa redioni. Kisha akavuta shuka akajifunika, na mimi nikarudi ukutani, machozi yakinitoka. Kwa sababu ya dawa ya kuua vijidudu. Ni kali sana.

Jumatano, 12 Machi

Amekula uji bakuli mbili. Presha mia na ishirini, kwa mkanda mpana. Ameuliza, kupitia Enesi, kama dawa ya mshipani nayo ni yangu, maana ni nzuri.

Roda ananiandalia chakula na kukiweka mezani kwa sauti. Hasemi.

Gwantwa aliniomba tuongee. Nikajua: ananishtaki. Nilishaandaa utetezi, mambo ya uchovu. Badala yake amesema mada hii iende mbele ya madaktari Ijumaa. Vidonge hivi vinaliwa mkoa mzima, alisema. Vya magoti, vya kunenepa, vya pumu, vinauzwa mpaka vijijini, Galula huko vinapanda bodaboda. Mtu analetwa ameanguka, tunamtibu malaria, anakufa, tunazika malaria. "Nikisema mimi wataandika kwenye daftari na kufunga. Ukisema wewe, Kaka, wataenda kukagua mikoba ya mama zao."

Lilikuwa jambo la kiungwana sana. Nilimshika mkono. Nilikubali kwa moyo wote.

Nilipofika mlangoni nilishaanza kufikiria namna ya kuieleza mimi nisiwemo.

Ijumaa, 14 Machi

Ukumbi ulijaa. Madaktari kutoka Vwawa, Ileje, Momba, kila mahali. Gwantwa alianza. Aliwapima presha watu sita papo hapo, pamoja na Anyosisye, kwa mikanda miwili tofauti. Namba zilipishana mpaka watu wakaguna. Ilikuwa nzuri, nakiri, kwa mada nyepesi.

Kisha mimi. Nilisimama na kuwaeleza habari ya mwanamke mmoja wa milimani, Mama T., aliyeuziwa vidonge vya magoti na mchuuzi asiyejulikana wa mpakani, mtu mwovu, asiye na elimu, aliyetokomea bila kumwachia dozi. Nikaeleza uso kujaa, udhaifu, chumvi kushuka, sukari kushuka. Nikaeleza daktari mmoja makini aliyebaini jambo hili kwa kuuliza swali moja rahisi. Sikumtaja daktari huyo kwa jina. Nilishusha macho tu, kwa unyenyekevu, ili kila mtu ajue ni mimi.

Nikaeleza na tiba. Msisubiri vipimo, nikasema, choma haidrokotisoni kwanza. Asiyekuwa na hakika achome. Mgonjwa apunguziwe dozi taratibu, apewe kadi ya kutembea nayo inayotaja dawa hizo, aongezewe dozi akiumwa. Nilisema vizuri sana. Hata mimi nilijifunza.

Makofi! Nikaona bustani ya hoteli. Nikauliza kama kuna swali.

Nyuma kabisa ya ukumbi alisimama mtu. Kumbe Gwantwa alikuwa amemwomba mgonjwa aje aonyeshe kadi yake, na mgonjwa amekubali. Alikuwa amekaa pale tangu mwanzo, na Roda pembeni yake. Mimi sikuangalia nyuma. Kwa adabu!

Akageuzia uso dirishani, kitenge kichwani, akamwambia mke wangu kwa sauti iliyofika mpaka getini: "Roda, mwambie mumeo asinisingizie. Mimi sijanunua dawa kwa mchuuzi. Mimi ni mzee wa kanisa. Dawa zote kanipa yeye."

Roda hakuhitaji kurudia. Alirudia.

"Na mwambie si mtu mwovu," mama mkwe akaendelea. "Ana elimu. Nilicheza siku ya mavuno. Mwambie asante."

"Anasema asante," Roda akasema, akinitazama usoni.

Ukumbi haukucheka. Nilidhani utacheka, na nilikuwa nimejiandaa. Nikasema: "Ni kweli. Ni mimi. Nilitaka anisifu." Sijui ilitoka wapi. Haikuwa kwenye slaidi.

Anyosisye akasimama. Nikafunga macho. Akauliza ukumbi mzima: nani humu amewahi kumpa ndugu yake deksa kwa ajili ya magoti, mgongo au hamu ya kula, bila kumpima, bila kumfuatilia?

Kisha Gwantwa akanyoosha mkono. Alimpa shangazi yake, alisema, yeye alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Shangazi alipona kwa bahati. Halafu akanyoosha daktari wa Momba. Halafu wa Vwawa, wawili kwa pamoja. Mikono ikaota kila safu. Mwisho Anyosisye mwenyewe akanyoosha wa kwake, akiwa bado amesimama, akaacha uko juu. Mama mkwe, asiyeelewa swali, naye akanyoosha.

Mchana huo simu zilipigwa nje ya ukumbi, uwanja mzima. Niliwasikia. Mama, vile vidonge unavyo bado? Usiache ghafla. Hapana, usiache. Nakuja.

Gwantwa anakwenda Arusha. Anyosisye alitangaza kwa sentensi moja. Jioni Roda ameongea nami kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Amesema nipishe njia, anataka kupita.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yanageuka vizuri! Mama mkwe yuko nyumbani, anameza dozi anayopunguziwa na Gwantwa, kadi ameishonea kwenye pindo la kitenge. Roda ameniwekea nyama kwenye chakula. Vipande viwili.

Jana Anyosisye aliniita. Hospitali inaunda kamati ya matumizi sahihi ya dawa, na mwenyekiti ni mimi. Anasema hakuna anayefaa zaidi, kwa uzoefu wangu. Sikuona haja ya kumuuliza ana maana gani. Nimeshaagiza mhuri.

Nimelala na wazo na nimeamka nalo. Anyosisye anastaafu mwakani. Bodi ya hospitali itachagua mganga mfawidhi mpya. Na ni nani anayekaa kwenye bodi hiyo? Mchungaji wetu, Lusubilo, ambaye leo baada ya ibada alinivuta pembeni, mkono kiunoni, akanong'ona kwamba mgongo unamsumbua hata kupanda madhabahuni ni kazi. Kliniki ana aibu kupanga foleni na waumini wake.

Nilimwambia asihangaike. Kumpima pale mlangoni isingependeza, na mtumishi wa Mungu hapekuliwi. Nilikwenda kwenye gari nikamletea kichupa nilichopewa wiki iliyopita na rafiki yangu mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Vidonge vya kijani. Rafiki anasema baba yake amerudi kuendesha baiskeli.

Mimi si mtu wa kurudia kosa. Nilikikagua kichupa pande zote kabla sijampa. Hakuna neno deksamethasoni. Hakuna neno lolote.